Tuktuk za umeme: Mwenye betri ndiye mwenye gari

Jioni moja katika mwezi wa Shaabani uliopita, nilipokuwa nikitoka kuswali magharibi pale Kibokoni, nilikaribia kugongwa na tuktuk. Dereva hakuwa mbio. Alikuja polepole kama ipasavyo katika vichochoro vile, lakini mimi sikumsikia. Nilisikia tu magurudumu yakisaga mchanga nyuma yangu, kisha mtu akaniita, "Ami, nipishe!"

Nilipogeuka niliona tuktuk kama tuktuk zote za Mombasa, rangi ile ile na turubai lile lile, ila haikuwa na ngurumo wala moshi. Dereva wake ni kijana ninayemjua, kwani babake tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza ameinunua wapi tuktuk hii ya kisasa. Akacheka. "Sikununua, ami. Ni ile ile ya zamani. Nimetoa injini nikatia mota, uani kwa mama, kule Majengo."

Siku ya pili nilikwenda huko uani nikaona kwa macho yangu. Tangu hapo nimerudi mara nyingi, nikauliza na mafundi wengine, nikafanya hesabu, na makala haya ni natija ya maswali hayo. Nataka kusema wazi tangu mwanzo nilikofikia: kazi hii ya kugeuza tuktuk ya petroli kuwa ya umeme ni kazi ya heri, na vijana wetu wanaiweza. Lakini katika kila gari la namna hii kuna kitu kimoja ambacho ndicho kinachoamua kama mtu amepata mali au amepata bwana mpya. Kitu hicho ni betri.

SI MAMBO MAGENI

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Uchina. Hasha. Sisi watu wa pwani tumezoea tangu zamani kutoa nguvu moja katika chombo na kutia nyingine. Majahazi ya babu zetu yalikwenda kwa tanga, yakingoja kaskazi na kusi. Zilipokuja injini za dizeli, mafundi wale wale wa Lamu na visiwa vyake waliojua kuunda chombo kwa shoka na kekee walitoboa tezi, wakapitisha mtaimbo wa rafadha, na chombo kikaenda bila ya kungoja upepo. Chombo kilibaki chetu, na fundi wa kukitengeneza alibaki mtaani.

Hata hapa kisiwani Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa walikuwa wakipanda vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba baina ya mji wa kale na Kilindini, na nguvu ya vigari hivyo ilikuwa mikono ya watu waliosukuma kwa nyuma. Baadaye zikaja motokaa, na katika miaka ya 2000 zikaja tuktuk. Kila mara nguvu ilibadilika, na kila mara suala lilikuwa moja: nani anafaidika na nguvu hiyo, na nani anasukuma?

Na umeme wenyewe katika magari si mgeni vilevile. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi inayoweza kujazwa tena mwaka 1859. Kufika mwaka 1900, katika miji ya Marekani magari ya umeme yalikuwa yakishindana vizuri na ya petroli. Yalishindwa baadaye kwa sababu petroli ilikuwa rahisi, na kwa sababu kuanzia mwaka 1912 injini ya petroli ilianza kuwashwa kwa swichi badala ya kuzungushwa kwa mkono.

Wazee wenzangu wanakumbuka yaliyotokea baada ya Vita vya Ramadhani vya mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, na bei ya pipa moja ikapanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Wakati huo watu wengi wa Ulaya na Marekani walianza kugeuza magari madogo nyumbani kwao, wakiyajaza betri za risasi. Kazi ilikuwa nzuri lakini betri zilikuwa nzito kama mawe, na gari halikufika mbali.

Kilichobadilisha mambo ni lithiamu. Mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya betri hizi. Goodenough na wenzake kule Texas ndio waliotangaza, mwaka 1997, aina ya betri ya lithiamu inayotumia madini ya chuma na fosfeti. Haina kobalti, yale madini ambayo sehemu yake kubwa duniani huchimbwa Kongo, tena mara nyingine kwa mikono ya watoto. Haishiki moto upesi kama aina nyingine za lithiamu, na huvumilia kujazwa na kumalizwa mara nyingi sana. Ndiyo aina aliyoinunua kijana wetu wa Majengo.

KAZI ILIVYOFANYWA

Basi kazi yenyewe ilifanywaje? Kwanza aliteremsha injini, ambayo katika tuktuk ya aina yake hukaa nyuma. Pamoja nayo yalitoka karabureta, ekzosi na tangi la petroli. Kilichobaki ni fremu, breki, springi, usukani na magurudumu, na vitu hivyo havibagui nguvu ya petroli na nguvu ya umeme.

Pili alifunga mota ya kilowati 3, iliyokuja pamoja na difu yake. Kwenye karatasi mota hii ina nguvu ndogo kuliko injini iliyotoka, kwani kilowati 3 ni kama nguvu ya farasi 4 tu. Lakini mota ya umeme husukuma kwa nguvu zake tangu inapoanza kuzunguka, haingoji kunguruma kwanza. Mombasa ni tambarare. Mwinuko wa Daraja la Nyali huupanda na abiria watatu, polepole lakini bila ya kusita.

Tatu alifunga kontrola, sanduku la bati lenye mapezi ya kupozea joto. Hiyo ndiyo inayopima umeme wa kwenda kwenye mota kulingana na dereva anavyozungusha mkono. Nne ilikuja betri: seli 16, kila moja ya volti 3.2, zote pamoja volti 51.2, na uwezo wa ampea 100 kwa muda wa saa moja. Ukizidisha unapata uniti 5 na kidogo za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Kila seli inalindwa na kibao kidogo kinachokata umeme seli ikizidi kujaa, ikizidi kumalizika au ikizidi joto. Mwisho aliweka kifaa cha kuteremsha volti mpaka 12 kwa ajili ya taa, honi na waipa, na fyuzi nene, na swichi kubwa nyekundu karibu na kiti cha dereva, ili hatari ikitokea akate umeme wote kwa pigo moja.

Kwa kusema ni maneno machache, lakini kazi ilichukua wiki tano, nyingine zikiwa za kungojea vifaa. Nilimwuliza amejifunza wapi. Alisema nusu amejifunza kwa kutazama filamu katika simu, na nusu kwa mjomba wake ambaye ni fundi wa umeme wa majumbani. Nikamwuliza alikosea wapi, maana fundi asiyekosea hajafanya kazi. Akanionyesha waya uliounguliwa na ngozi yake. Mara ya kwanza alitia waya mwembamba baina ya betri na kontrola kwa kubana matumizi, na safari moja ya kupanda mlima ikauyeyusha.

Hapa nataka vijana wanisikilize. Watu husema kwamba volti 51 haziui, na ni kweli kwamba mara nyingi mtu akizigusa kwa vidole vikavu hatasikia kitu. Lakini hatari ya betri hizi iko katika wingi wa umeme unaotoka kwa mpigo mmoja. Spana ikiangukia ncha zote mbili, hutoka mamia ya ampea katika nukta moja, spana ikawa nyekundu kama kaa la moto. Fundi huyu huvua pete na saa kabla ya kufungua sanduku, na spana zake zote amezifunga utepe wa mpira hadi karibu na mdomo.

Kuna na adui wengine wawili ambao vitabu vya wageni havitwambii sana. Mmoja ni hewa yetu ya chumvi. Baada ya miezi mitatu tu viungo vya shaba vilianza kufanya kutu ya kijani, na kiungo chenye kutu hupata joto. Sasa huvipaka grisi na kuvitazama kila Ijumaa asubuhi. Wa pili ni maji ya masika. Sote tunajua barabara zetu zinavyojaa. Kwa hiyo sanduku la betri limeinuliwa juu ya sakafu na kuzibwa kwa mpira.

Na hili la tatu ni la nyumbani. Nimesikia wapo wanaokusanya seli kuukuu kutoka katika kompyuta zilizokufa, wakaziunga na kuzichaji usiku chini ya ngazi. Nyumba zetu za mji wa kale zina boriti na roshani za mbao za miaka mingi, na chini ya ngazi ndiyo njia ya watoto kutokea. Dini yetu imetukataza kudhuru na kudhuriana. Anayetaka kuokoa shilingi elfu chache kwa kuhatarisha roho za jirani hajaokoa kitu.

HESABU HAIDANGANYI

Sasa tuje kwenye fedha, kwani tuktuk ni riziki. Kijana wetu alitumia kama shilingi 230,000, na katika hizo 125,000 zilikwenda kwa betri peke yake. Ni fedha nyingi, lakini tufanye hesabu.

Tuktuk ya petroli inayokwenda kilomita 100 kwa siku, ikila lita moja kwa kilomita 25, humaliza lita 4. Sote tunakumbuka petroli ilivyovuka shilingi 200 kwa lita katika mwezi wa Septemba 2023. Tuiweke chini ya hapo, tuseme 180. Basi hizo ni shilingi 720 kila siku. Tuktuk hii ya umeme hula kama uniti 6 kwa kilomita hizo 100, na tukitia kinachopotea katika kuchaji tuseme uniti 7. Kwa bei ya nyumbani ya kama shilingi 30 kwa uniti, hiyo ni shilingi 210. Tofauti ni shilingi 510 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi anabakisha zaidi ya shilingi 13,000, na gharama zake zote zitarudi katika mwaka mmoja na nusu hivi. Hapo sijahesabu oili, plagi na mkanda wa klachi, vitu ambavyo havinunui tena.

Ila kuna hesabu nyingine ambayo wengi huisahau. Betri haiishi milele. Betri hiyo humchukua kilomita 70 hivi, kwa hiyo huichaji asubuhi na huiongezea baada ya swala ya adhuhuri, anapokula chakula chake. Tukisema itavumilia kujazwa mara 2,000, na kila siku anatumia sawa na mara moja na nusu, basi ina umri wa siku za kazi zaidi kidogo ya 1,300, yaani miaka minne na miezi michache. Gawanya bei ya betri kwa siku hizo, utapata kama shilingi 95 kwa siku. Dereva asiyeweka kando shilingi 100 kila jioni kwa ajili ya betri ijayo anakula mtaji wake huku akidhani anakula faida. Siku betri itakapokufa atalia, na watu watasema umeme haufai.

Kuhusu umeme wenyewe unakotoka, zamani sisi wa Mombasa tulitegemea sana mitambo ya mafuta ya Kipevu, na kugeuza gari kungekuwa ni kuhamisha moshi kutoka mtaani kwenda Kipevu. Hali imebadilika. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya leo yatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa mabwawa, na kwa upepo wa Turkana, ambako kuna vinu 365. Kwa hivyo shilingi ya petroli huenda ng'ambo, na sehemu kubwa ya shilingi ya umeme hubaki nchini.

TUSISAHAU OWINO UHURU

Niliposikia bei ya betri ya lithiamu nilimwuliza fundi kwa nini hakutia betri za risasi kama za lori, ambazo bei yake ni nafuu. Alinijibu kwa uzito: nne zingekuwa na kilo 120 hivi, zaidi ya mara mbili ya zake, na zisingefaa kumalizwa zaidi ya nusu. Katika mwaka mmoja au miwili zingekwisha.

Mimi nikakumbuka jambo jingine. Betri za risasi zikiisha huenda wapi? Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuambiwa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, pale Mikindani, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kutoa risasi, tangu mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake yaliingia majumbani mwa watu maskini wapatao 3,000. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mchanga aliugua kwa sumu hiyo, ndiye aliyesimama kuwatetea, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kesi ilichukua miaka. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua amri hiyo ya malipo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wako waliofariki kabla ya kuona mwisho wa kesi.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu kila mtu anayeigeuza tuktuk yake anaingia katika mlolongo wa betri, atake asitake. Ikiwa mafundi mia wa Mombasa watachukua njia ya bei rahisi na kutia betri za risasi, katika muda wa miaka miwili tutakuwa na rundo la betri mbovu, na mtu atatokea wa kuziyeyusha karibu na nyumba ya mtu maskini. Na lithiamu pia ina siku yake ya kufa. Haina risasi, lakini haifai kutupwa jaani wala kuchomwa. Serikali ya kaunti ingefanya vyema kuweka mahali pa kuzipokea sasa, zikiwa bado chache.

NANI MWENYE BETRI?

Sasa nifike kwenye nukta yangu kubwa. Tarehe 1 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme hapa hapa Mombasa. Mwaka huo huo Bunge lilipunguza kodi za pikipiki za umeme na betri za lithiamu, na ikawekwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari: shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake saa za usiku, kabla ya kuongezwa kodi na ada, kwa mwenye mita ya peke yake. Hizo ni hatua njema.

Lakini tazameni jinsi biashara nyingi za pikipiki hizi zilivyopangwa. Kijana huuziwa pikipiki bila ya betri. Betri ni ya kampuni. Ikiisha huenda kituoni, akairudisha, akapewa nyingine iliyojaa, akalipa. Kwa upande mmoja ni wepesi: hana haja ya kutafuta shilingi 125,000 mwanzoni, na betri ikifa si hasara yake. Sikatai. Kwa mtu asiye na mtaji ni mlango wa kuanzia. Lakini kampuni ikipandisha bei hana pa kwenda, kwani betri ya kampuni nyingine haiingii. Na pikipiki nyingi za namna hii zina kifaa ndani kinachoweza kuifunga kutoka mbali. Amechelewa kulipa siku mbili kwa sababu mtoto yuko hospitali, asubuhi pikipiki haiwaki.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Petroli, pamoja na ughali wake, unaweza kuinunua kituo chochote, kwa mtu yeyote. Ikiwa tutatoka kwenye petroli ya kila mtu tukaingia kwenye betri ya mtu mmoja, tumebadilisha nguvu ya gari lakini wa kusukuma ni sisi vilevile, kama katika vile vigari vya reli.

Mimi si mwanachuoni, na haya masheikh watatuongoza. Kukodi kitu ni halali bila shaka. Lakini kukodi kunataka masharti yajulikane, bei ijulikane na muda ujulikane. Na faini ya kuchelewa inayoingia mfukoni mwa mdai, wanavyuoni wengi wanaihesabu katika riba. Kijana Mwislamu anayetia saini mkataba wa kurasa kumi katika simu kwa kubonyeza mara moja, je, amevijua vitu hivyo? Kwa upande mwingine, benki zetu zinazofuata sharia zinazo njia za kumnunulia mtu kitu na kumwuzia kwa faida iliyo wazi, akalipa kidogo kidogo. Kwa nini njia hiyo itumike kwa motokaa za wakubwa, isitumike kwa betri ya tuktuk?

Ndiyo maana kazi ya yule kijana uani kwa mama yake imenifurahisha. Betri ni yake. Akiishiwa na fedha huipumzisha, na hakuna wa kumfungia. Seli moja ikifa hubadilisha moja. Na la maana zaidi, anajua kilichomo ndani.

SHERIA NA CHUO

Hata hivyo kuna tatizo moja linalomkosesha usingizi. Kitabu cha tuktuk yake bado kinasema ni ya petroli, na kina nambari ya injini ambayo sasa imelala kwa muuza vyuma chakavu. Mabadiliko kama hayo yanapaswa kuandikishwa kwa mamlaka ya usafiri na gari likaguliwe. Na bima vilevile: ikitokea ajali, kampuni ya bima inaweza kusema gari lililogonga silo ililolikatia bima. Nimemwambia bila ya kumficha kwamba abiria ni amana, na hana haki ya kubeba watu kabla ya karatasi zake kuwa sawa. Aliinama, akasema, "Kweli, ami, lakini nimekwenda mara tatu, kila mezani naambiwa nenda meza ile." Kwa hivyo kwa sasa anabeba mizigo tu, samaki na mboga za asubuhi, huku akifuatilia.

Lawama hapa si ya mmoja. Ikiwa serikali inataka magari ya umeme, isitazame tu yale yanayoshuka bandarini yakiwa mapya. Tuktuk tulizo nazo tayari ni maelfu, na kila moja ni mali ya mtu. Liwekwe dirisha moja la kukagua zilizogeuzwa: fyuzi ipo, swichi ya hatari ipo, sanduku limefungwa, breki zinatosha kwa uzito mpya. Fundi apewe cheti, na kitabu kibadilishwe.

Na mafundisho je? Hapa ndipo nataka kuwakumbusha wasomaji habari ya jengo lile lenye kuba kule Tudor, ambalo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wetu walikiita MIOME. Kilianza kusomesha mwaka 1951, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na wengineo, pamoja na serikali ya wakati ule. Kusudi lake lilikuwa wazi kabisa: vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi, wasiachwe nyuma na zama za mashine. Baadaye kikawa cha watu wote, na hilo ni jema. Lakini nia ile haijafa, na zama nyingine za mashine zimefika. Mafunzo ya miezi mitatu ya betri, mota na usalama wake, jioni baada ya kazi, kwa mafundi wa mtaani wasio na vyeti, yangekuwa sadaka inayoendelea kwa wale waliotoa mali zao mwaka ule. Wenye uwezo miongoni mwetu waliofadhili visima na madrasa wangeweza kulifikiria hili nalo.

Jambo la mwisho ni lile lililonianzishia makala haya. Tuktuk isiyo na sauti ni neema kwa mji, lakini ni hatari kwa wazee kama mimi na kwa watoto wanaocheza vichochoroni. Nilimwambia hivyo kijana, na safari iliyofuata nikamkuta amefunga kengele ya baiskeli mbele. Alinipakia bila ya nauli mpaka karibu na Makadara, mimi na kikapu changu tukiwa ndio mzigo. Tulipokuwa njiani ikaadhiniwa alasiri, nami nikaisikia adhana yote, neno kwa neno, nikiwa ndani ya tuktuk. Jambo hilo halijanitokea tangu vyombo hivi viingie mjini.

Basi ndugu msomaji, ikiwa wewe au mwanao anafikiria kununua au kugeuza chombo cha umeme, usianze kwa kuuliza kinakwenda kasi gani. Uliza maswali matatu: betri ni ya nani, nani atakayeitengeneza ikiharibika, na ikifa itapelekwa wapi. Ukipata majibu ya kuridhisha kwa yote matatu, weka nia, ujifunze, ukaanze kazi. Ukikosa jibu hata moja, subiri kwanza.